Taa ya ndani ya gari haizimi: mtafute anayeiwasha

Taa ya dari ikigoma kuzima, wengi wetu hapa Dar hukimbilia kung'oa balbu au kumwambia fundi wa karibu akate waya. Taa itazima kweli, lakini ugonjwa utabaki palepale. Taa yenyewe mara nyingi haina kosa. Inawaka kwa sababu kuna kitu kinaiambia kwamba mlango uko wazi, na taarifa hiyohiyo inakwenda kwenye dashibodi, kwenye alamu na kwenye rimoti ya kufungia milango. Ukikata waya wa taa unabaki na gari linaloamini usiku kucha kwamba liko wazi. Siku mlango wa nyuma alikoegemea mtoto haukufunga sawasawa, hakuna kitakachokuonya.

Kwa hiyo kazi ni kumtafuta anayeiwasha. Sehemu kubwa ya kazi hii unaifanya mwenyewe uani, kwa kidole, bisibisi na simu yenye kamera.

Kwanza okoa betri ya usiku huu

Kama ni saa nne usiku na asubuhi unatakiwa uwe barabarani kabla foleni haijaanza, usianze uchunguzi. Sogeza swichi ya taa kwenye OFF. Taa nyingi za dari za magari ya Kijapani zina nafasi tatu, na maandishi yake yameandikwa palepale: ON, DOOR, OFF. Kwenye DOOR taa inafuata milango. Kwenye OFF inatakiwa izime hata milango yote ikiwa wazi. Ikizima, lala, kesho utaendelea.

Ikiwa OFF nayo haisaidii, fungua kioo cha plastiki cha taa kwa bisibisi bapa uliyoizungushia kitambaa, utoe balbu. Iache ipoe kwanza, maana balbu ya kawaida iliyowaka saa nzima inaunguza vidole. Iweke kwenye droo ya gari, siyo mfukoni, kwa sababu utairudisha.

Njia nyingine ni kuchomoa fyuzi iliyoandikwa DOME, lakini nitakuambia ukweli: siipendi. Kwenye Toyota nyingi fyuzi hiyo hailishi taa peke yake. Inabeba pia saa na kumbukumbu ya redio, na redio nyingi zilizokuja na magari kutoka Japani zikikosa umeme hujifunga na kudai namba ya siri. Unaweza kuokoa betri ukapoteza redio. Kutoa teminali hasi ya betri kuna hatari hiyohiyo.

Na usijiambie kwamba balbu moja ndogo haiwezi kumaliza betri. Balbu ya dari ya wati 8 kwenye umeme wa volti 12 inakula karibu ampea 0.67. Betri ya NS60, ambayo magari mengi madogo na ya kati hapa hutumia, ni ya takriban ampea-saa 45 ikiwa mpya. Usiku mmoja wa saa 10 unaondoa karibu 7, na betri nzima haitayumba. Ongeza taa mbili za mbele za kusomea za wati 5 kila moja, usiku huohuo unaondoa 15, yaani theluthi. Ukiegesha Ijumaa jioni na kurudi Jumatatu asubuhi, balbu ile moja ya dari peke yake imeshakula 40. Na hiyo ni betri mpya. Ya miaka mitatu iliyopikwa na joto la Dar huenda ina nusu tu ya nguvu hizo. Gari la otomatiki nalo halisukumwi likawaka, utatafuta jirani wa kukubusti.

Baadhi ya magari ya karibuni yana kinga: ukisahau taa, kompyuta inaizima yenyewe baada ya dakika kama 20. Ni vizuri kuijua, kwa sababu inaficha tatizo. Mwenye gari anaona taa imezima akadhani imepona, kumbe swichi bado mbovu.

Je, ni ugonjwa kweli?

Kuna taa zinazochelewa kuzima kwa makusudi. Ukifunga mlango zinabaki sekunde kadhaa, mpaka nusu dakika, halafu zinafifia taratibu. Ukifungua milango kwa rimoti zinawaka pia hata kabla hujagusa mlango. Funga gari kwa rimoti, simama nje, hesabu mpaka sitini. Zikizima, gari lako ni zima.

Halafu angalia swichi za kubonyeza. Taa za kusomea zilizo mbele, juu ya kioo cha kati, kila moja ina kitufe chake na hazifuati swichi ya dari. Mtoto aliyekaa mbele, au mtu aliyepitisha godoro ndani ya gari, anaweza kukibonyeza bila kujua. Vilevile taa ndogo ya kioo cha kujitazamia kwenye kizuia jua: kifuniko chake kikibaki wazi inaendelea kuwaka huku kizuia jua kikiwa kimekunjwa, na wewe huioni. Kwenye baadhi ya magari, hasa ya Marekani kama Ford na Chevrolet, gurudumu dogo la kupunguza mwanga wa dashibodi likizungushwa mpaka mwisho linawasha taa zote za ndani. Mtu akifuta vumbi kwenye dashibodi analizungusha, na fundi anaweza kupoteza siku nzima akifungua milango.

Magari yetu mengi yamekuja na kitabu cha Kijapani, au bila kitabu kabisa. Kama unacho, usikitupe. Ipige picha kurasa ya taa kwa programu ya kutafsiri kwenye simu. Michoro peke yake inatosha kukuonyesha swichi ziko wapi.

Mashahidi wawili

Sasa kaa kwenye kiti cha dereva, funga milango yote, fungua ufunguo bila kuwasha injini, utazame dashibodi. Pale kuna alama nyekundu ya gari lenye milango wazi. Linganisha alama hiyo na taa ya dari, kwa sababu jibu lake linagawa kazi yote.

Taa ikiwaka na alama haiwaki, milango haina kosa. Tatizo liko kwenye taa yenyewe au kwenye kitu kilichounganishwa na waya wake. Taa na alama zikiwaka pamoja, gari linaamini kuna mlango au buti iko wazi, na unatafuta swichi. Angalizo moja: kwenye magari ya zamani au ya bei nafuu, kama Kirikuu na baadhi ya pikapu, alama hiyo inaweza isiwepo au ikawa ya milango ya mbele tu. Hapo chukulia kwamba shahidi mmoja hajafika, uendelee kama milango yote inashukiwa.

Magari yenye skrini ndogo ya kisasa hukutajia mlango wenyewe. Ukiwa nalo, umeokoa nusu saa.

Taa inawaka, dashibodi haioni mlango wowote

Sogeza swichi ya taa mara kadhaa kutoka ON hadi OFF. Ikicheza bila kugota, au taa ikibadilika ukiigusa tu, vibati vya ndani vimelegea au vimeungua. Hili hutokea sana kwa taa ambazo mtu aliwahi kuweka balbu yenye wati nyingi kuliko iliyotoka nayo. Joto limeyeyusha plastiki na swichi haifiki tena inapotakiwa kufika. Dawa ni kununua taa nzima iliyotumika kutoka Japani. Kujaribu kukunja vibati kwa koleo kunadumu wiki.

Swichi ikiwa nzima, jiulize nani aliwahi kushika nyaya za gari hili. Alamu nyingi za kufungwa hapa mjini huunganishwa kwenye waya wa swichi za milango, ili mlango ukifunguliwa king'ora kilie, na baadhi zina waya wa ziada wa kuwasha taa ya ndani. Relei ya alamu, yaani swichi yake inayoendeshwa na umeme, ikigandamana, taa haizimi. Taa za rangi za miguuni nazo huchukua umeme kutoka palepale kwenye taa ya dari. Chomoa soketi ya alamu au ya mapambo hayo kwa dakika moja. Taa ikizima, umempata, na aliyefunga ndiye arudi kufungua kazi yake. Ukichomoa alamu, gari linaweza kukataa kuwaka, kwa sababu nyingi pia hukata stata. Usishtuke, rudisha soketi.

Zote mbili zinawaka: swichi za milango

Hapa ndipo gari nyingi zinapoangukia, na hapa ndipo inafaa kuelewa jinsi umeme unavyopita.

Kwenye Toyota, Nissan na Suzuki nyingi tulizonazo, balbu ya dari ina umeme wa chanya muda wote. Inachokosa ni njia ya kurudi kwenye bodi ya gari, yaani hasi. Swichi ya mlango ndiyo inayotoa njia hiyo. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ambako mlango unafungia: utaona kitu kama kitufe chenye kofia ya mpira mweusi, kinachobonyezwa na mlango ukifungwa. Kikiwa nje, kinaunganisha waya na bodi, taa inawaka. Kikisukumwa ndani, kinakata, taa inazima.

Kutokana na hilo unapata kanuni ambayo mafundi wengi wa haraka huisahau. Kwenye gari la aina hii, waya wa swichi uliokatika hufanya taa isiwake kabisa. Taa isiyozima maana yake mahali fulani hasi inagusa: ama swichi haibonyezeki, ama waya umechunika na unagusa chuma.

Anza na kidole. Fungua mlango mmoja tu, mingine ibaki imefungwa. Bonyeza pini ya swichi yake mpaka ndani kabisa, uishike, utazame taa. Kisha funga, nenda mlango unaofuata. Mlango ambao pini yake ukiibonyeza kwa kidole taa inazima, lakini mlango ukiufunga taa inarudi, ndio wenye kosa. Swichi yake ni nzima. Mlango ndio haufiki. Rudi utazame pini ilipogusana na mlango. Mara nyingi kofia ya mpira imetoboka kwa kusuguliwa miaka, na pini imepungua milimita mbili au tatu. Gari lililowahi kugongwa na kunyooshwa bodi lina shida hiyohiyo kwa sababu nyingine: mlango umerudishwa lakini umekaa nje kidogo. Mlango huo utausikia pia kwa upepo ukikimbia, na mvua ikinyesha kapeti inalowa upande wake. Gari hilo lipeleke kwa fundi bodi airekebishe pingili ya chuma inayoshikwa na loki. Kipande cha mpira kilichobandikwa pale pini inapogusa kitakuvusha wiki, na sioni ubaya, mradi ujue ni cha kuvukia.

Kama umebonyeza pini zote na hakuna hata moja inayozima taa, inabidi swichi zitoke. Anza na ya dereva, mlango unaofunguliwa mara nyingi kuliko yote. Kama gari linabeba abiria kwa kuitwa kwenye simu, anza na milango ya nyuma.

Swichi inashikwa na boliti moja ya spana namba 10 au skrubu ya nyota. Ilegeze huku ukiitazama taa. Swichi nyingi zenye waya mmoja hupata hasi kupitia boliti hiyohiyo, kwa hiyo ukishaitoa kwenye chuma na taa ikazima hapohapo, huna haja ya kipimo kingine. Ivute polepole. Kabla ya kuchomoa waya, ubane kwa kibanio cha nguo au uubandike na tepu kwenye nguzo. Ukiponyoka utarudi ndani ya nguzo, na kuutoa ni kazi ya kufungua plastiki na kapeti.

Sasa itazame vizuri mkononi. Swichi iliyokaa kwenye gari la Kigamboni au Mbezi Beach, linalolala kwenye upepo wa bahari, utaikuta na unga wa kijani kwenye kibati cha shaba na kutu ya kahawia kwenye springi. Kofia ya mpira imepasuka kwa chini, mahali ambapo ukiiangalia ikiwa kwenye gari huoni. Maji ya kuoshea gari kwa presha yameingia kwa ufa huo, yamekauka, yameacha chumvi, na pini imegoma ikiwa nje. Ibonyeze kwa kidole gumba: nzima inarudi kwa kishindo kidogo, mbovu inarudi kwa kujivuta au hairudi.

Inayojivuta tu inaoshwa. Pulizia dawa ya kusafishia kontakti, ibonyeze mara nyingi, ipangusie kibati kwa msasa laini, iache ikauke, halafu paka grisi kidogo kwenye shina la pini chini ya kofia. Petroli itakula mpira, usiitumie. Iliyooza springi usiihangaikie.

Ukienda Kariakoo upande wa Gerezani, au Ilala, kununua nyingine, nenda na ile mbovu mkononi. Mazungumzo ya dukani yanakwenda hivi:

"Kaka, naomba swichi ya mlango ya IST."

"Ya mbele au ya nyuma? Waya mmoja au miwili?"

Usipokuwa nayo hutajibu. Zinafanana kwa nje, lakini soketi na urefu wa pini hutofautiana, na pini fupi kwa milimita chache itakurudisha kwenye tatizo uliloanza nalo. Kati ya mpya ya bei ya chini na iliyotumika kutoka Japani yenye kofia nzima, mimi huchukua iliyotumika.

Buti na milango ya kuteleza

Buti husahaulika kwa sababu ukiifunga huwezi kuona taa yake. Weka simu ndani ikirekodi video, funga, subiri nusu dakika, fungua, utazame. Mbinu hiyohiyo inafaa kwa droo ya mbele yenye taa. Kama picha haiingii giza, umepata jibu.

Kwenye magari ya mlango wa nyuma unaoinuka, kama IST na Spacio, swichi mara nyingi haiko kwenye nguzo; iko ndani ya loki ya mlango wenyewe. Waya wake unapita juu, kwenye mpira wenye mikunjo kati ya paa na mlango. Kila ukifungua na kufunga, nyaya hizo zinakunjwa palepale. Vuta mpira huo utoke kwenye tundu lake utazame ndani. Ukikuta plastiki ya waya imepasuka na shaba inaonekana, umepata waya unaogusa bodi. Dalili inayoambatana nayo ni taa ya namba, waipa ya nyuma au taa ya breki ya juu kucheza pamoja. Waya ulioumia uungwe kwa kuongezwa kipande kipya laini, uchomewe risasi, kila kiungo kivishwe mpira wake, na viungo visikae sehemu moja. Kuvisokota na kuzungushia tepu nyeusi kwenye sehemu inayokunjwa kutwa ni kuahirisha tu.

Kwa Noah na wenzake wenye milango ya kuteleza, kabla ya swichi safisha reli ya chini. Mchanga na maganda ya karanga vikijaa kwenye kona ya mwisho, mlango unaonekana umefunga lakini loki imeshika hatua ya kwanza tu. Usukume kwa nguvu kutoka nje huku mtu akitazama taa.

Magari yasiyo na kitufe kwenye nguzo

Volkswagen, BMW, Mercedes, Land Rover za karibuni na baadhi ya Ford hazina pini ya kubonyeza. Swichi ndogo imefungwa ndani ya loki ya mlango. Kuipima, fungua mlango, kisha kwa shina la bisibisi sukuma ulimi wa loki ujifunge kana kwamba umeshika chuma. Utasikia mlio mara mbili. Subiri taa. Ikizima, swichi ya mlango huo inafanya kazi. Ikibaki, huo ndio.

Kabla hujaufunga mlango, vuta kitasa ili ulimi ufunguke tena. Nasisitiza hili. Ukiubamiza mlango huku ulimi umejifunga, utaharibu loki au utakunja bodi, na gharama yake haifanani kabisa na swichi.

Kwenye magari haya ile kanuni ya waya uliokatika inaweza kugeuka. Mengine kompyuta yake huhesabu mlango umefungwa pale tu inapopata ishara, kwa hiyo waya ukikatika taa inawaka na haizimi. Hapa mashine ya kupimia inasaidia sana: fundi anaunganisha, anafungua na kufunga kila mlango, na anaona kwenye skrini upi haubadiliki. Mwambie akuonyeshe hilo kabla hajakuuzia loki.

Inakuja na kuondoka

Taa inayowaka ukipita kwenye matuta na mashimo halafu inazima yenyewe ni mlango uliolegea au pini iliyo karibu na mwisho wa safari yake. Bamiza mlango mmoja mmoja kwa kiganja kutoka ndani, gari likiwa limesimama, utazame unaoitingisha taa.

Inayokuja na mvua ni habari nyingine. Ikiwa kila masika taa inaanza na jua likikaa siku mbili inapona, kuna maji yanaingia mahali. Pitisha mkono chini ya kapeti upande wa abiria, kwenye mipira ya milango, na kwenye dari pembeni ya taa. Gari lililowahi kuzama kwenye maji ya mafuriko, hata kama limeoshwa likang'aa, huendelea kutoa dalili za aina hii kwa muda mrefu, kwa sababu soketi zilizo chini ya viti na kwenye vizingiti vya milango zimebaki na tope. Ukiwa unanunua gari mkononi na muuzaji akakwambia taa ya ndani ameizima kwa sababu inamsumbua mvua ikinyesha, inua kapeti kabla ya kuzungumza bei.

Swichi zote zimechomolewa na taa bado inawaka

Kama taa iko kwenye DOOR, swichi zote za milango na buti ziko nje na nyaya zake zinaning'inia bila kugusa kitu, taa haina ruhusa ya kuwaka. Ikiwaka, waya umechunika mahali fulani ndani, au relei au kompyuta ya bodi imeshika.

Chukua multimita, yaani kipimo cha umeme, iweke kwenye volti, waya wake mweusi kwenye chuma safi cha bodi, mwekundu kwenye waya wa swichi uliochomolewa. Kwenye gari la mfumo wa hasi nililoeleza, waya mzima utasoma karibu volti 12, kwa sababu umeme unafika kupitia balbu. Ukisoma sifuri huku taa inawaka, waya huo unagusa bodi. Ufuate kuanzia mahali palipowahi kufunguliwa: skrubu mpya ya kizingiti, spika zilizoongezwa, viti vilivyoshonwa upya. Skrubu ndefu iliyopita katikati ya waya ni mkosaji wa kawaida kuliko panya, ingawa panya nao wapo.

Nyaya zote zikiwa safi, imebaki kompyuta ya bodi, na hapo mpe fundi umeme mwenye mchoro wa gari lako. Kama gari ni la haibridi, kama Prius au Aqua, asiguse nyaya nene za rangi ya chungwa. Hazihusiani na taa na zina umeme wa kuua.

Imezima lakini inang'aa kwa mbali

Ukibadilisha balbu ya kawaida kwa ya LED na usiku ukaona inatoa mwanga hafifu hata milango ikiwa imefungwa, swichi zako ni nzima. Mfumo unapitisha umeme mdogo sana, ambao balbu ya kawaida isingeuonyesha, lakini LED inahitaji kidogo tu ili ing'ae. Rudisha balbu ya zamani uone. Ikikoma, nunua LED iliyotengenezwa na rezista ndani yake kwa ajili ya hali hiyo, au baki na ya kawaida. Umeme huo haumalizi betri.

Kuhakikisha

Rudisha swichi, rudisha balbu, sogeza taa kwenye DOOR. Fungua na funga kila mlango mmoja mmoja, na buti, ukitazama taa na alama ya dashibodi kila mara. Kisha funga kwa rimoti. Kama milango inajifungua tena au kengele inalia kukukatalia, kuna mlango mwingine uliokuwa umejificha nyuma ya ule ulioutengeneza. Swichi mbili kufa pamoja kwenye gari moja ni jambo la kawaida, kwa kuwa zina umri mmoja na zimekula chumvi ileile.

Jioni, gari likiwa limekaa kama saa mbili bila kuwashwa, pima betri: iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Pima tena alfajiri kabla ya kufungua mlango wowote, kwa hiyo acha boneti ikiwa imefunguliwa loki yake tangu jioni, mradi gari liko ndani ya geti na alamu yako haina swichi ya boneti. Ikishuka kwa volti 0.1 au pungufu, iko sawa. Ikifika 12.2 imebaki takriban nusu: ama kuna kitu bado kinakula umeme usiku, ama betri yenyewe imechoka kwa yale masiku taa iliyokesha. Ijaze kwa chaja mpaka 12.6, toa teminali hasi kama redio yako haidai namba, uiache usiku mmoja bila kuunganishwa. Ikishuka hata ikiwa peke yake, badilisha betri. Isiposhuka, rudi kwenye ile video ya simu ndani ya droo na buti.